Mfumo wa SHA: Bilioni 104 Si Hoja Kuu

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Kenya, Nancy Gathungu, ya mwaka wa fedha 2023/24 ilipotolewa Machi 2025, mjadala wote ulizama kwenye shilingi bilioni 104.8, gharama ya mfumo wa kidijitali wa SHA, mamlaka mpya inayosimamia bima ya afya. Ripoti ilisema mengine mazito zaidi: mfumo si mali ya serikali, ununuzi wake haukuwa wa ushindani, wala haukuwamo kwenye mpango wa ununuzi.

Serikali ina hoja yake, na si ya kupuuzwa. Fedha hizo hazitolewi kwa mkupuo. Muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom unajenga na kuendesha mfumo, kisha unajilipa kidogo kidogo: asilimia 2.5 ya michango ya wanachama, asilimia 5 ya madai ya hospitali na asilimia 1.5 kwenye ufuatiliaji wa dawa na vifaa. Anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi huchangia 1,100, na kati ya hizo 27.50 ni za mfumo. Kwenye dai la 100,000, ni 5,000. Mfumo usipotumika, mjenzi hapati kitu.

Wanaokumbuka mkataba wa vifaa vya hospitali wa 2015 wataelewa kwa nini mpango huu unavutia. Serikali ilikodi mashine kwa mabilioni, na baadhi zikakaa bure kwa kukosa umeme, maji au mtaalamu wa kuziendesha, huku ada ya kukodi ikiendelea kulipwa. Kulipa kwa matumizi kunaziba mwanya huo.

Lakini kumtwika mjenzi hasara si sawa na kumsimamia. Uingereza iliwahi kujaribu. Mpango wake wa kompyuta za huduma ya afya, ulioanza 2002, uliwafunga wajenzi kwa mikataba migumu: hakuna malipo kabla ya kazi kukabidhiwa. Kampuni ya Accenture ikajiondoa 2006, mkataba wa kampuni ya Fujitsu ukavunjwa 2008, na serikali ikabaki na wajenzi wakubwa wawili tu, bila nguvu kubwa ya kuwabana. Septemba 2011 ikatangaza kuuvunja mpango wenyewe. Picha za eksirei za kidijitali zilifika hospitalini vizuri. Zilizokwama ni rekodi za wagonjwa, ambazo kila hospitali ilikuwa na namna yake ya kuziandika.

Kwa SHA, kinachonitia shaka zaidi ni ile asilimia 5. Mfumo unaopokea dai ndio huohuo unaotarajiwa kunusa dai hewa: mgonjwa wa kutwa aliyeandikishwa kama amelazwa, uzazi wa kawaida ulioandikwa kama upasuaji, kituo chenye vitanda 10 kinachodai wagonjwa 30 kwa usiku mmoja. Kwa hesabu za biashara, kila dai linalozuiwa ni mapato yanayompita mwenye mfumo. Simtuhumu mtu, ninasema mkataba umeelekeza motisha upande usiofaa. Uhakiki wa madai ungetengwa, ufanywe na timu nyingine kwa ada isiyopanda wala kushuka na idadi ya madai, na orodha ya kila aliyebadilisha bei au kufufua dai lililokataliwa ifike kwa mkaguzi bila kupitia kwa mjenzi.

Jingine ni kipimo cha mfumo kuwa hewani. Mjenzi hupima seva yake. Karani wa zahanati hupima kitu kingine kabisa: ameingiza namba ya kitambulisho, ujumbe wa kuthibitisha umekwenda kwa simu ambayo mgonjwa ameiacha nyumbani kwa mwanawe, mtandao nao umekatika. Anaandika kwenye karatasi, anaingiza jioni, na saa ya huduma hailingani tena na saa ya dai. Kwa seva, siku hiyo haikuwa na hitilafu. Vipimo vichukuliwe kaunta, kwenye sampuli ya vituo vya ngazi ya 2 (zahanati) hadi ya 6 (hospitali kuu za rufaa), mijini na vijijini.

Kuhusu umiliki, wengi wanadai serikali ipewe msimbo wa programu. Sawa, lakini msimbo bila maelekezo ya kuusimamisha hauna faida. Kilicho cha haraka ni data: nakala kamili ya wanachama na madai ifike kila usiku kwenye seva ambayo mjenzi hana funguo zake, na kila robo mwaka ifufuliwe kwenye mashine tupu ili ionekane kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa nisingeihesabu.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ilianzisha wakala ambao unaweza kubeba kazi hii. Kwanza utahitaji wahandisi wake wenyewe, walioajiriwa kwa mishahara inayoweza kushindana na ya kampuni wanazozisimamia. Utahitaji pia fungu la bajeti linalopitia Bungeni, kwa kuwa makato yanayochukuliwa kwenye chanzo hayapigiwi kura na mbunge yeyote mwezi Juni.