Nabonyeza P, Naambiwa Nirudi

Waungwana, naomba mnisikilize kabla sijalitupa sanduku hili la kompyuta jalalani pamoja na miwani yangu. Kwa muda wa wiki 3 nilikuwa nikiamka usiku wa manane, si kwa ajili ya sala wala ya kubembeleza mtoto, bali kwa ajili ya kitufe cha P, ambacho kila nilipokibonyeza kiliniletea Y. Laiti kingeniletea herufi tupu ningevumilia, maana nimevumilia mengi. Lakini katika mashine hii kila kitufe kimebeba neno zima la amri, na mwanzoni mwa mstari P inapaswa kuandika PRINT, ilhali Y huandika RETURN. Mimi nilitaka kuandika jina langu kwenye kioo, nayo ikaniamuru nirudi. Nirudi wapi, na hapa ni kwangu?

Mashine yenyewe ni ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyotolewa na Sinclair Research huko Uingereza mwezi Aprili 1982, yenye vitufe 40 vya mpira na bei ya pauni 125 kwa ile ya kilobaiti 16 na pauni 175 kwa ile ya kilobaiti 48. Msidhani ninayo. Nilicho nacho ni kibao cha Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya siku hizi, ndani ya sanduku la mbao aliloniundia seremala wa mtaani, ambaye hadi leo anaamini ni la redio, na ndani ya kibao hicho inakimbia emuleta niliyoiandika mwenyewe, yaani programu inayoiga prosesa ya Z80, ambayo ndiyo ubongo wa mashine ile, na kumbukumbu yote ya kilobaiti 48, ambayo ni ndogo kuliko picha ya maua ninayotumiwa na shemeji kila Ijumaa asubuhi.

Mke wangu aliniuliza swali ambalo sijalijibu: “Baba watoto, hivi mtu anaweza kukikumbuka kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho?” Ni kweli kwamba tangu mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta nchini, na hata kama mjomba angenipenyezea moja kwenye begi, mashine ile ilihitaji televisheni ili ionyeshe maandishi yake, wakati sisi wa Tanzania Bara tulisubiri kituo cha televisheni hadi 1994. Watoto wa Kiingereza walipokuwa wakiandika programu, mimi nilikuwa nasukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti. Basi nadai malimbikizo yangu, kama mwalimu mstaafu.

Jioni ya kwanza nilipowasha, kioo kilikuwa cheupe na chini yake ukatokea mstari usemao © 1982 Sinclair Research Ltd, nami nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza vyote, kimya. Kumbe wahandisi wale waliamua kwamba kitufe kilichobonyezwa kisomeke 0 na kilichopumzika kisomeke 1, kinyume na akili ya mtu yeyote aliyewahi kuwasha taa, kwa hiyo mashine yangu ilikuwa ikiona vitufe vyote 40 vimebonyezwa kwa pamoja, na kama karani anayekuta foleni imefika barabarani, ikaamua kutomhudumia yeyote. Hilo nililirekebisha kabla chai haijapoa. Ndipo likaja hili la P.

Vitufe 40 havihitaji waya 40. Vimegawanywa katika makundi 8 ya vitufe 5 kila moja, hivyo waya 8 zinauliza na waya 5 zinajibu, mfano wa mwalimu anayeita mahudhurio: kundi la kwanza, nani kabonyezwa? La pili je? Jumla ni waya 13, nami nilizilehemu zote kwa mkono wangu, kwa hiyo jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumlaumu muuza waya wa Kariakoo. Nilimlaumu siku 4 mfululizo. Kisha nikaazima testa, nikapima waya moja baada ya nyingine, na kila moja ikalia “piii” kwa uaminifu unaoudhi.

Fundi simu wa pale kona akaniambia, bila hata kuliona sanduku, kwamba tatizo ni dayodi, yale makorokoro yanayopitisha umeme upande mmoja tu. Hakukosea kabisa, kwa sababu ukibonyeza vitufe 3 vilivyokaa kwenye pembe za mstatili katika waya hizo, umeme huzunguka na kitufe cha nne hujibu bila kuguswa na mtu, na jambo hilo kwangu lilikuwa likitokea. Nikanunua dayodi 40. Nikazilehemu kwa usiku 2, nikaunguza kidole gumba na kitambaa cha meza cha watu, na asubuhi yake mizimu yote ilikuwa imetoweka na P ilikuwa bado inaandika RETURN, safari hii kwa usafi zaidi.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni kufuta. Katika mashine ile unafuta kwa kubonyeza CAPS SHIFT pamoja na 0. Kwangu mimi 0 ilikuwa imegeuka 6, na CAPS SHIFT pamoja na 6 ni mshale wa kushuka chini. Maana yake ni kwamba nilikuwa na kibodi yenye uwezo kamili wa kukosea na isiyo na uwezo wowote wa kufuta kosa, na nilipobonyeza ENTER ili angalau niyakubali makosa yangu, ikaongeza h.

Aliyeniokoa ni mtoto wangu wa darasa la 5, ambaye alikuwa akibonyeza ovyo kwa kidole chenye mchuzi. “Baba, K ni nzima,” akasema. “Na I. Na M. Na 8.” Nikamwambia akamalizie hesabu zake. Kisha tonge likanisimama mkononi, kwa sababu vitufe hivyo 4 vyote ni vya katikati katika nusu ya kulia. P na Y zilikuwa zimebadilishana, O na U vilevile, ENTER na H, SPACE na B, na wa katikati hakuwa na wa kubadilishana naye. Nusu nzima ya kulia ilikuwa ikijisoma kwenye kioo cha kinyozi! Wahandisi wale walihesabu kutoka pembeni kuelekea katikati: kushoto wanaanzia 1 kwenda 5, lakini kulia wanaanzia 0 kurudi hadi 6. Mimi nililehemu kama msomaji wa gazeti, kutoka kushoto kwenda kulia pande zote mbili, na upande wa kushoto ukakubaliana nami kwa bahati tu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa programu. Mmoja! Muuza waya sijamwambia, ila siku hizi nikifika Kariakoo napita upande wa pili wa barabara.

Jana usiku nikamwita mke wangu ashuhudie. Nikabonyeza J, likatokea neno zima LOAD, amri ya kupakia programu kutoka kwenye kaseti. Nikashika SYMBOL SHIFT na kubonyeza P mara 2, zikatokea alama za nukuu, kisha ENTER, maandishi yakatoweka na kioo kikabaki kitupu.

“Inafanya nini?” akauliza.

“Inasubiri kaseti.”

“Kaseti iko wapi?”

Nikamweleza kwa utulivu kwamba sehemu ya emuleta inayohusu kaseti bado sijaiandika. Hakusema neno. Aliingia chumbani, nikasikia kiti kikiburutwa kuelekea kabatini, akarudi na kaseti ya taarabu ya harusi yetu, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga na kulizungukia sanduku lote akitafuta tundu la kuiingizia.