Harusi isiyo na bibi harusi

Shangazi yangu alichoka kujibu "bei gani?" huku mikono imejaa unga wa mchele. Mimi, mpwa mwenye kimbelembele, nikamtengenezea boti ya Telegram, yaani programu ya kujibu ujumbe, ijifunze yenyewe kutoka kwa wateja.

Ilikuwa na jedwali moja lenye safu tatu: sentensi, jibu, na mara ngapi jibu limetokea. Boti ikisema neno, chochote mteja atakachojibu kinahifadhiwa. Mwingine akiuliza kitu kinachofanana, anapewa jibu lenye hesabu kubwa. Kufanana nilikupima hivi: maneno yanayopatikana pande zote mbili, gawanya kwa maneno yote tofauti, ikifika 0.5, ni swali lile lile. Chini ya hapo, boti inamtupia mteja anayefuata swali hilo, ione binadamu wanajibuje.

Nikapanda majibu arobaini, likiwemo "Kitumbua bei gani?", shilingi 300.

Siku ya kwanza boti ilimwamkia kila mtu "Shikamoo." Mzee mmoja akaandika, "Marahaba mjukuu wangu, umeshaolewa?" Lilikuwa jibu la kwanza kabisa kwa neno hilo, kwa hiyo likakaa kileleni. Jioni mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamume wa makamo, akaamkia kwa heshima zote, akaulizwa kama ameshaolewa.

Lililoniangusha hasa ni ngeli. Mteja aliandika "Vitumbua ni bei gani?" Kwa boti, "kitumbua" na "vitumbua" hazijuani kabisa. Yanayofanana ni mawili, "bei" na "gani", kati ya maneno matano: 0.4. Ikashindwa, ikamtupia swali kijana wa bodaboda aliyefuata. Akajibu, "Leo bure, kuna harusi." Wenzake kijiweni wakaonja utamu, wakalirudia mara tisa.

Alfajiri ya Ijumaa walikuja watu kumi na mmoja na mabakuli. Mmoja alibeba kanga ya zawadi.

"Mwanangu," shangazi aliniita, sauti ya chini ile ya hatari, "nani anaolewa humu ndani?"

Na si kwamba sikuonywa. Machi 2016 Microsoft waliitoa Tay, boti yao iliyojifunza kutoka kwa watu, kwenye Twitter, na chini ya saa 24 wakaizima kwa matusi iliyofundishwa. Mimi nilijiambia wateja wa vitumbua ni watu wastaarabu.

Nikakaa kurekebisha. Bei nikazihamishia jedwali lisilofundishika. Hesabu ikawa ya akaunti tofauti, si ya ujumbe, maana mtu mmoja mwenye bando anaweza kuwa umati. Nikajaribu pia kukata "ki" na "vi" mwanzo wa maneno. "Kila" ikageuka "la", mteja akiagiza "vitumbua kumi kila siku" boti inaelewa amekataa. Nikaacha kukata, nikaandika orodha fupi ya umoja na wingi kwa mkono.

La mwisho, kila jibu jipya likishatoka kwa watu watatu linasubiri shangazi abonyeze "Ndiyo" au "Hapana". Usiku huo akavaa miwani, akapitia foleni nzima, pamoja na majibu ya zamani. Harusi ya bure akaifuta. Matusi mawili akayafuta, moja baada ya kulisoma mara mbili.

Asubuhi nikaijaribu: "Shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu, umeshaolewa?"

"Shangazi, hili mbona umelipitisha?"

"Hilo," akasema, akigeuza kitumbua, "ni swali la maana. Na wewe hujalijibu."