Tanki Kubwa Halitengenezi Upepo

Anayeanza kazi ya kusafisha magari kwa kina akiuliza anunue kompresa gani, yaani mashine ambayo pampu yake inabana upepo na kuuweka kwenye tanki, jibu la kwanza atakalopewa ni kwamba achukue yenye tanki kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na una ukweli ndani yake. Lakini wapo wanaosema kwamba tanki ni jambo la pili, na cha kuangalia kwanza ni pampu inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika. Hawa hawasikilizwi inavyostahili. Huonekana kama watu wanaoleta hesabu za darasani kwenye kazi ya mikono, na kwa kuwa tanki linaonekana kwa macho na lita kwa dakika hazionekani, mnunuzi huishia kununua anachokiona.

Tuanze na chombo chenyewe. Bunduki ya kusafishia viti na kapeti, ile yenye kamrija kanakozunguka kwa kasi ndani ya koni na kurusha upepo pamoja na sabuni, inakula upepo kuliko vifaa vingi vya mkono. Nyingi za aina hiyo zinataka presha ya bar 6 hivi, yaani PSI 90, na hutumia kati ya lita 110 na 200 kwa dakika. Presha hiyo karibu kila kompresa ya gereji inaifikia, kwa hiyo ubishi wa mashine ipi inapanda hadi bar 8 na ipi hadi 10 hauamui mengi. Kupata bar 6 ni rahisi. Ugumu uko kwenye kubaki bar 6 huku kidole kikiwa kimebana.

Chukua bunduki inayotumia lita 150 kwa dakika. Iunganishe na kompresa ya tanki la lita 100 ambayo pampu yake inatoa kweli lita 90 kwa dakika. Ukiitazama dukani, hiyo ni mashine ya heshima. Tanki limejaa hadi bar 8, na swichi ya presha imewekwa kuwasha mota ikishuka hadi bar 6. Kati ya bar 8 na bar 6, tanki la lita 100 linakupa lita 200 za upepo, kwa sababu kila bar moja ni sawa na kulijaza tanki mara moja kwa hewa ya kawaida. Lita 200 kwa matumizi ya 150 ni dakika moja na sekunde 20. Kisha mota inawaka. Sasa pampu inaingiza 90, bunduki inatoa 150, na pengo la lita 60 linatolewa kwenye tanki kila dakika. Baada ya muda kidogo geji iko bar 5, halafu bar 4, na ile sauti kali ya bunduki inaanza kulegea. Sabuni inatoka matone makubwa badala ya ukungu, na uchafu ulionasa kwenye mshono wa kiti haung'oki tena. Unaachia kidole na kusubiri.

Kuna jambo wengi hawalifuatilii hadi mwisho wake. Presha haishuki mpaka sifuri. Kadiri inavyopungua, bunduki nayo inatumia upepo kidogo zaidi, hadi inafika mahali ambapo inachokula ndicho hasa pampu inachotoa. Kwa mfano wetu, mahali hapo ni kama bar 3 na ushee. Sasa badilisha tanki. Weka la lita 24, weka la lita 300, pampu na bunduki zibaki zile zile. Ukibana bila kuachia, geji itatulia pale pale, bar 3 na ushee. Tanki limeamua utafika lini tu. Pa kufikia pameamuliwa na pampu. Mwenye tanki dogo anafika mapema na kuudhika mapema, mwenye tanki kubwa anachelewa, lakini wote wawili wanaishia kufanya kazi kwa nusu ya presha ambayo bunduki ilitengenezewa.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo linalowaponyoka wanunuzi. Mtu ananunua tanki la lita 100 lenye pampu dhaifu, anajaribu dukani kwa nusu dakika, anaona nguvu ya ajabu, analipa. Alichojaribu pale ni upepo uliokuwa umeshawekwa akiba. Kazi yenyewe, viti vitano na kapeti lote hadi chini ya pedali, haifanyiki kwa akiba.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni kwamba hakuna anayebana kidole dakika kumi mfululizo. Unapuliza matundu ya kiyoyozi sekunde tano, unafuta kwa kitambaa, unapuliza vitufe vya redio, unageuka kuchukua brashi. Ukijumlisha, huenda bunduki inafanya kazi nusu tu ya muda. Matumizi ya wastani yanashuka hadi lita 75 kwa dakika, na pampu ile ya lita 90 sasa inatosha, ilimradi kuwe na tanki la kukuvusha wakati wa kubana. Kwa kazi ya aina hii tanki kubwa linafanya kile wanachosema linafanya, na anayesafisha zaidi dashibodi, milango na pembe pembe hana sababu ya kuhangaika na pampu kubwa.

Shida ni kwamba wanaoitoa hoja hiyo hupima kazi kwa sehemu zake nyepesi. Dashibodi ina mapumziko, ila kiti cha kitambaa kilichomwagikiwa maziwa hakina. Hapo unapita mstari kwa mstari, mkono mmoja na bunduki, mwingine na mashine ya kunyonya, na ukisimama katikati uchafu ulioyeyuka unatulia tena ndani ya kitambaa na kuacha alama ya mviringo. Kazi inayolipa vizuri na inayomfanya mteja arudi ndiyo hasa inayobana kidole.

Hoja yao ya pili ni mapumziko ya mota. Pampu nyingi ndogo za pistoni hazikuundwa kukimbia bila kukoma. Nyingi zinataka kupumzika karibu nusu ya muda, la sivyo zinapata joto na valvu zinaharibika. Watu wa tanki husema tanki kubwa ndilo linaloipa mota pumziko. Ni kweli kwamba tanki kubwa hupunguza idadi ya mara mota inapowaka, na hilo si dogo, kwa sababu wakati wa kuwaka mota huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Lakini sehemu ya muda ambayo mota inakuwa kazini inatokana na kugawa matumizi kwa uwezo wa pampu. Ukitumia lita 150 kwa pampu ya lita 170, mota itakimbia karibu asilimia 88 ya muda, tanki liwe la ukubwa wowote. Ukitaka ipumzike nusu ya muda huku umebana, unahitaji pampu ya lita 300. Pumziko nalo linatoka kwenye pampu.

Ya tatu nawapa bila ubishi: maji. Hewa ikibanwa, unyevu wake hugeuka maji, na tanki kubwa lina ukuta mpana wa kupozea, hivyo maji mengi hubaki chini ya tanki badala ya kusafiri na upepo. Mwenye pampu yenye nguvu na tanki dogo anatuma upepo wa moto kwenye mpira wa upepo. Kichujio cha maji kilichofungwa papo hapo kwenye kompresa hakinasi kitu, kwa kuwa maji bado ni mvuke. Mvuke huo unakuja kugeuka maji mbele, na unayaona yakitoka kwenye ncha ya bunduki kama tone la rangi ya kutu juu ya kiti cheupe. Dawa ni kukifunga kichujio baada ya mita kadhaa za mpira, upepo ukishapoa, na kumwaga maji ya tanki kila siku. Ni usumbufu, lakini unatibika.

Upande wa pampu una gharama ambazo watetezi wake huzipita haraka. Ya kwanza ni umeme. Upepo wa lita 170 za kweli kwa bar 6 unahitaji mota ya takriban nguvu farasi 2, na soketi ya volti 120 yenye ampea 15, ambayo mwisho wake ni wati 1,800, inafika ukingoni. Soketi ya volti 230 ina nafasi zaidi. Anayefuata wateja majumbani na kutegemea jenereta lazima ahesabu na ule umeme wa kuwashia. Na usirefushe waya wa umeme ili kompresa ifike kwenye gari. Refusha mpira wa upepo. Waya mrefu mwembamba unapunguza volti na kuunguza mota. Mpira nao uwe mpana, wa milimita 10 kwa ndani badala ya 6, maana mpira mwembamba unaweza kukuibia presha yote uliyoinunua.

Ya pili ni kelele. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 91 ni saa 2 tu. Pampu nyingi za bei nafuu zisizotumia oili zinavuka hapo. Zipo zisizotumia oili zilizotulia, za pistoni mbili zenye mwendo wa polepole, na kwa usafi wa ndani ya gari zina faida nyingine, kwamba haziachi utando wa oili kwenye viti. Kwa anayefanya kazi karibu na nyumba za watu, ningeanzia hizo.

Kama pesa haitoshi kupata vyote, weka pesa kwenye pampu. Tanki la akiba linaweza kuunganishwa baadaye ukipata riziki, mradi liwe limetengenezwa kwa presha hiyo na lina valvu yake ya usalama. Pampu dhaifu nayo ina njia, wapo wanaounganisha kompresa mbili ndogo kwenye mpira mmoja, kila moja na soketi yake ya laini tofauti, lakini hapo umenunua mashine mbili kwa kazi ya moja.

Na usiiamini lebo haraka. Namba kubwa iliyoandikwa pembeni mwa mota mara nyingi ni hewa ambayo pistoni inavuta; inayotoka huwa pungufu kwa theluthi moja au zaidi, na ikipimwa kwa bar 3 huonekana nyingi kuliko kwa bar 6. Mwombe muuzaji aiwashe. Funga njia ya kutokea upepo, subiri geji ipite bar 6, anza kuhesabu muda kwa simu, simamisha ikifika bar 8. Zidisha lita za tanki kwa 2, ugawe kwa dakika zilizopita. Tanki la lita 50 likichukua sekunde 40, pampu inatoa lita 150 kwa dakika, na inaimudu bunduki yetu bila ziada. Likichukua sekunde 67, ni lita 90.