Bosi kanilipia ada ya QT, masters yangu iko chini ya godoro

Watu wa Kigoma najua mtanijua tu, msinitaje.

Mimi nina masters. Ya mambo ya samaki. Tena sio samaki wa jumla jumla, tasnifu nzima niliandika kuhusu dagaa wa Ziwa Tanganyika, kurasa kibao, nikarudi nyumbani Ujiji nimejaa upepo najua mkoa mzima ulikuwa unanisubiri mimi. Thubutu! Kazi za maana wanataka uzoefu wa miaka mitatu, ukishuka chini uombe kazi ndogo unaambiwa umezidi vigezo. Shule moja ya binafsi mkuu aliangalia vyeti, akaniangalia mimi, akavirudia vyeti, akasema kijana mshahara wa masters sina, na nikikulipa wa diploma utakaa hapa na kinyongo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga ndo alinimaliza kabisa, mi nimeomba ukarani wa stoo tu, nihesabu nondo na mabati, akanirudishia bahasha kaishika kwa vidole viwili: "Wewe msomi, siku nikikusimamisha si utanipeleka CMA, kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi?"

Nikasema sawa. Vyeti nikavisukuma chini ya godoro, nikapiga ndala, alfajiri nikashuka mwaloni Katonga kuulizia kibarua. Kwa ambaye hajafika, pale asubuhi mitumbwi inarudi na dagaa waliovuliwa usiku kwa taa, kina mama wanagombania kreti, wabebaji wanapita wanakumwagia maji ya samaki mgongoni na hakuna wa kukuomba samahani. Nikampata Bi Mkubwa mmoja anakausha dagaa anapeleka Dar na wengine wanavuka kwenda Congo, karani wake kamkimbia. Swali lilikuwa moja tu, umesoma mpaka wapi? Darasa la saba. Kuhesabu unajua? Kidogo kidogo mama. Nikaanza saa hiyo hiyo, bila barua, bila wadhamini wawili.

Jamani kujifanya hujasoma ni kazi ngumu kuliko kusoma kwenyewe. Mtu anauliza kreti kumi na saba kwa elfu arobaini na tano ni shingapi, jibu limeshafika mdomoni inabidi ulimeze, uchukue kijiti uchore mchangani, unung'unike, ukosee kidogo, ukune kichwa, ndo useme laki saba na sitini na tano halafu usifiwe. Siku moja mteja kaja juu anadai kauziwa lumbu badala ya dagaa, ugomvi umewaka, mi nikajikuta nimeropoka jina la kisayansi la lumbu, "ni kweli hawa ni Limnothrissa." Kimya. Bi Mkubwa akanivuta pembeni, we mtoto, hiyo lugha ya wapi? Nikasema Kibembe. Sasa yule mteja mwenyewe alikuwa Mbembe, akaniangalia kwa huruma tu, nadhani alijua nina shetani.

Malipo yalikuwa ya kutwa na dagaa wa mboga juu. Bodi ya mikopo wana asilimia 15 yao kwenye mshahara wa kila waliyemkopesha, ila kwa ule wangu hiyo 15 isingetosha hata bodaboda ya kuja kuidai, kwa hiyo nikalala kwa amani.

Mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi kwenye ziwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane. Kisomi mi naunga mkono kabisa, tena kwenye tasnifu yangu nilishapendekeza kitu cha namna hiyo hiyo, kwa hiyo ukiangalia vizuri nilipendekeza mwenyewe nikose kazi. Nikajua basi tena. Kumbe Bi Mkubwa ana mipango yake, akaniita kwake Bangwe, nakuta chai na mihogo, akaanza taratibu.

"Mwanangu, nimekuangalia muda mrefu. Wewe una kichwa. Ungesoma wewe, ungefika mbali sana."

Chai ikanipalia ikatokea puani. Akadhani ni uchungu wa maisha, akanipigapiga mgongoni, akaniambia usilie, hujachelewa. Kumbe keshafungua pindo la kanga, keshaenda kituo cha masomo ya jioni kule Gungu, keshalipa ada ya miezi mitatu yote ya ziwa kufungwa, nisome QT, ule mtihani wa wasiopitia sekondari, nikifaulu nijiandae na form foo. Daftari kanunua. Kalamu kanunua, nyeusi na bluu. Utamwambiaje mtu kama huyo? Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikaiona ile bahasha ya vidole viwili, nikasema ahsante sana mama, nikamwamkia tena shikamoo wakati nilishamwamkia mlangoni.

Jioni ya kwanza nimekaa dawati la nyuma kabisa, pembeni yangu mama ntilie na mbele yangu mzee wa makamo anayetaka cheti apandishwe cheo kwenye ulinzi. Somo biolojia, uainishaji wa viumbe hai. Anaingia mwalimu na chaki yake. Naangalia vizuri, rumumeti wangu wa chuo! Tulilala chumba kimoja, godoro zake nilizibeba mimi siku ya kwanza. Macho yakagongana, akaangusha chaki, akaandika ubaoni "Samaki", akafuta, akaandika "Mimea", akatoka nje. Nikamfuata.

"We umefuata nini huku?"

"Nasoma QT."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya ualimu. Na yeye digrii anayo, ajira anaisubiri tangu tumalize, mchana anaendesha bodaboda, jioni anafundisha hapo kwa hela ya kubembeleza. Na tatizo lake lilikuwa moja, jioni ndo abiria wengi. Basi tukaelewana kiutu uzima, yeye anaendelea na boda, mi nashika ubao, mwisho wa mwezi ananitoa kidogo. Kwenye rejista naitwa mwanafunzi, naitika mwenyewe "nipo", halafu nanyanyuka nafundisha. Wenzangu tuliwaambia mi ni kiongozi wa darasa. Mama ntilie alikuwa ananiangalia kwa jicho fulani ila kwa vile hesabu alikuwa anaelewa akanyamaza.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ile jioni Bi Mkubwa alipoamua kuniletea chakula. Hotpoti ya ugali, migebuka ya mawese, kaibeba mwenyewe kutoka Bangwe. Anachungulia dirishani ananikuta nimeshika chaki, jasho linanitoka, namfokea yule mzee mlinzi kuhusu sehemu. Mi nikaganda. Nikajua leo nimekwisha. Mama akapiga vigelegele! Yaani vigelegele vya harusi, majirani wakatoka nje, anaelekeza kidole, "Darasa la saba huyu! Mwezi haujafika! Ameshakuwa mwalimu!" Akamkamata mwenye kituo hapo hapo anauliza ada ya watoto wake wawili waliofeli na mmoja wa dada yake, na majirani nao wakaanza kuuliza, mwenye kituo anaandika majina huku mkono unatetemeka kwa furaha, mi bado nimeshika chaki sijui niiweke wapi.

Wakati huo rumumeti ndo anaingia, helmeti kichwani, katoka kumshusha abiria. Bi Mkubwa akamrukia, mwalimu niambie ukweli, huyu mtoto umempa nini? Jamaa kasikia "umempa nini" akadhani anashukiwa dawa, na mambo ya kushukiwa dawa huku kwetu sio ya kuchezea, akaropoka mbele ya watu wote:

"Mama wallahi mi sijampa kitu, chuo huyu ndo alikuwa ananifundisha takwimu mimi!"

Mwenye kituo akaacha kuandika.

"Chuo kipi?" Bi Mkubwa kauliza, sauti imeshuka.

Ikabidi niseme yote, masters, dagaa, mpaka Limnothrissa. Nilitegemea atalia au atanipiga na hotpoti. Hakufanya hata kimoja, yule ni mfanyabiashara, alikuwa anapiga hesabu.

"Kwa hiyo nimekulipia ada. Ukafundishwa na nani?"

"Nilikuwa najifundisha mwenyewe mama."

"Na hela yangu anayo nani?"

Wote tukageuka kumwangalia mwenye kituo. Mwenye kituo akawa anaangalia dari, na dari lenyewe lilikuwa halipo. Migebuka ikarudi Bangwe haijaguswa, hilo ndo liliniuma zaidi.

Ziwa lilipofunguliwa akaniita nirudi kazini, ila kwa sharti, vyeti vyangu vyote halisi niviweke kwake dhamana mpaka nifidie ada, mwenye kituo kagoma kurudisha. Akavifungia kwenye sanduku. Sanduku liko stoo. Stoo ya dagaa.

Sasa si nikaitwa usaili Dodoma, njoo na vyeti halisi. Nimebembeleza mpaka akavitoa, nimepanda treni naye ananiita kwenye simu kila stesheni kuulizia kama viko salama, mpaka Tabora behewa zima wamehamia siti za mbele kwa harufu. Kwenye chumba cha usaili nimefungua bahasha mezani, wale wasailiwa nje walikohoa, wa ndani wakaangaliana. Hakuna aliyeniuliza tasnifu. Mzee wa katikati kainua cheti cha masters, kakinusa, kauliza:

"Hawa ni wa Kigoma kabisa?"

Nikamjibu ndio mzee, wa Katonga. Akauliza kilo shingapi.

Kazi sijaitwa mpaka leo. Nilipomwambia Bi Mkubwa kwamba usaili nimekosa ila kuna watu Dodoma wanataka kilo kumi, aliniuliza tu wanalipa kabla au baada ya mzigo kufika.