glibc 2.38 na strlcpy: miaka 23 ya ubishi juu ya kunakili jina

Toleo la 2.38 la glibc, maktaba ya lugha ya C inayobeba karibu kila programu katika mifumo mingi ya Linux, lilitoka katikati ya mwaka 2023 likiwa na fanksheni mbili ndogo, strlcpy ya kunakili maandishi na strlcat ya kuyaunganisha, ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuziandika jioni moja. Zilizaliwa katika OpenBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa BSD, mwaka 1998, mikononi mwa Todd Miller na Theo de Raadt. Mwaka 2000 iliombwa ziingizwe glibc, lakini Ulrich Drepper, aliyekuwa na sauti kubwa katika maktaba hiyo, akazikataa kwa maneno makali, akisema kwamba ni takataka za BSD zisizo na ufanisi. Ombi lilirudi mara kadhaa na kila mara likazimwa. Hatimaye limekubaliwa, lakini kukubaliwa hakukumaliza hoja za upande wowote, na zote mbili zinafaa kupimwa upya.

Chukua jina Mwanakhamisi. Lina herufi 12, na katika C linahitaji baiti 13, kwa sababu mwisho wa maandishi huwekewa baiti ya sifuri ili anayesoma ajue aishie wapi. Tuseme aliyeandika programu ametenga bafa, yaani nafasi ya muda katika kumbukumbu, ya baiti 8. Fanksheni ya zamani, strcpy, haiulizi ukubwa wa nafasi. Itamwaga baiti zote 13, na 5 za mwisho zitaangukia juu ya chochote kilicho jirani katika kumbukumbu, mahali ambapo wadukuzi wamejipatia mlango kwa miaka mingi. Wengi hukimbilia strncpy wakidhani ndiyo dawa, lakini hiyo itaandika “Mwanakha” bila kuacha nafasi ya sifuri, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya visanduku vya upana usiobadilika, kama yalivyokuwa majina ya faili ya herufi 14 katika Unix ya kale. strlcpy itaandika “Mwanakh”, itaweka sifuri mahali pake, kisha itarudisha 12, yaani urefu wa jina lilivyokuwa kabla ya kukatwa. Mwenye programu akilinganisha 12 na 8 atajua mara moja kwamba jina halikuenea.

Kwa mtazamo huo mtu anaweza kushangaa ni nini kilichopingwa. Hoja ya Drepper, ukiondoa ukali wake, ilikuwa ya msingi: anayeshughulika na maandishi anapaswa kujua urefu wake tangu mwanzo, na akishaujua, memcpy, inayonakili idadi ya baiti unayoitaja, inamtosha na ni ya haraka zaidi. Asiyeujua ana tatizo ambalo fanksheni ya kukata haitalitibu, ila italificha. Programu haitaanguka, na itaendelea na kazi ikiwa na maandishi yasiyo sahihi.

Jambo hili si la nadharia tu. Fikiria programu inayotakiwa kufuta faili liitwalo malipo.txt.zamani, na bafa ya jina ni ya baiti 11. strlcpy itanakili baiti 10 na sifuri, na jina litakalobaki ni malipo.txt, ambalo ni faili jingine kabisa, lililo hai, lenye hesabu za mwezi huu. Kwa strcpy pengine programu ingeanguka papo hapo na mtu angekuja kutazama. Hapa hakuna aliyeona kitu hadi mhasibu alipoanza kuuliza. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu mdogo pia. Neno ng’ombe likiandikwa kwa ile alama iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, alama hiyo peke yake huchukua baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti; bafa ya baiti 5 itabeba n, g, na theluthi mbili za alama, na kinachotokea kwenye skrini ni kile kimraba cheusi chenye alama ya kuuliza. strlcpy huhesabu baiti, wala haijui herufi inaanzia wapi.

Kuna kasoro nyingine ambayo haitajwi sana. Ili irudishe ile 12, strlcpy hulazimika kusoma chanzo chote hadi sifuri yake, hata kama itanakili baiti 7 tu. Chanzo kikiwa kirefu sana, ni kazi ya bure. Na kikiwa hakina sifuri mwishoni, fanksheni iliyokusudiwa kuwa salama itaendelea kusoma nje ya mipaka. Watunzaji wa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, waliliona hili mapema wakabuni strscpy mwaka 2015, ambayo huishia pale bafa inapoishia na hurudisha kosa badala ya urefu. Kisha wakaanza kuhamisha miito mmoja baada ya mwingine, na katika keneli ya 6.8, mwaka 2024, wakaiondoa strlcpy kabisa. Kwa hiyo katika kipindi kilekile glibc ilipokuwa ikimfungulia mgeni mlango wa mbele, keneli ilikuwa ikimtoa kwa mlango wa nyuma. Wapinzani wa toleo hili hupenda kuutaja mfano huo, na wana haki ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, mimi naona hoja ya Drepper ilikuwa sahihi kuhusu fanksheni na potofu kuhusu watu. Kukataa kwa glibc hakukuwafanya waandishi wa programu waanze kupima urefu wa maandishi yao. Kuliwafanya waje na strlcpy zao mfukoni. Programu ya Git ilikuwa na nakala yake, ile ya rsync vilevile, OpenSSH ile inayopelekwa kwenye mifumo mingine hubeba nakala ya OpenBSD, maktaba ya GLib, ambayo si glibc, ina g_strlcpy, na ikaundwa hata maktaba nzima, libbsd, ambayo sehemu ya kazi yake ni kuwapa watu wa Linux fanksheni walizozizoea kwingine. macOS na musl, maktaba nyingine ya C, walikuwa nayo siku nyingi. Kufikia mwaka 2023 swali halikuwa tena kama strlcpy itumike katika Linux. Ilikuwa ikitumika kila mahali, kwa nakala ambazo hakuna mtu mmoja anayezikagua. Kilichowasukuma watunzaji wa sasa ni kwamba fanksheni hizo zilikuwa zikielekea kuingizwa katika POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ambacho kilichapishwa mwaka 2024 kikiwa nazo.

Nakala rasmi ina faida ambayo nakala za mfukoni hazina. Ukijenga programu kwa ule ulinzi wa _FORTIFY_SOURCE, ukubwa uliotajwa na mwandishi hulinganishwa na ukubwa halisi wa bafa pale unapojulikana. Aliyeandika 80 mahali pa 8 atanaswa. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kukubali, na nashangaa kwamba katika ubishi wa miaka yote hiyo watu walitumia nguvu nyingi zaidi kwenye swali la kasi.

Na kama kuna anayeamini bado kwamba mtaalamu makini hahitaji kishikio, miezi michache tu baada ya toleo hili, Oktoba 2023, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza udhaifu uliopewa nambari CVE-2023-4911. Ulikuwa ndani ya glibc yenyewe, katika sehemu inayochambua kigezo cha mazingira cha GLIBC_TUNABLES, ambapo maandishi yalinakiliwa kupita ukingo wa bafa, na mtumiaji wa kawaida aliye ndani ya mashine aliweza kujifanya msimamizi mkuu. Kosa lilikuwa limekaa humo tangu toleo la 2.34 la mwaka 2021. Waliolipitisha si wanagenzi. Ni watu wanaojua C kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuijua. strlcpy isingetosha kulizuia kosa hilo, maana mantiki ya kuchambua ndiyo iliyopotoka, lakini linatuonyesha thamani halisi ya ushauri wa kwamba mtu ajue tu urefu wa maandishi yake.

Gharama ya toleo hili haikutoka hasa kwa wale waliokuwa wakibishana. Miradi iliyokuwa na strlcpy yake bila kuuliza kwanza kama mfumo unayo iligoma kujengwa, kwa kuwa jina moja sasa lilikuwa na wenyewe wawili. Hilo ni la kurekebisha kwa dakika tano. La kuchosha zaidi ni upande wa pili: programu iliyojengwa kwenye mashine mpya, ikakuta strlcpy ndani ya maktaba na kuitumia, haitakubali kuwaka kwenye mashine ya zamani. Nimewahi kupeleka programu iliyojengwa kwenye Ubuntu 24.04 yenye glibc 2.39 hadi seva ya mteja iliyobaki kwenye 22.04 yenye 2.35, ikajibu kwamba GLIBC_2.38 haikupatikana, na nikapoteza mchana kutafuta strlcpy ambayo hata sikuwa nimeiita. Mkosaji alikuwa strtol, fanksheni inayogeuza maandishi kuwa namba. Toleo hilohilo liliifanya itambue namba za mfumo wa mbili, kiasi kwamba “0b101” iliyokuwa ikisomwa 0 sasa husomwa 5 unapoiachia ijichagulie msingi wa namba, na kwa programu za C++ mwito huo hubadilishwa kimyakimya kuwa jina jipya lisilokuwapo katika maktaba za zamani. Wengi waliolilaumu toleo la 2.38 kwa sababu ya strlcpy walipaswa kuilaumu strtol.

Kwa msimbo mpya nisingeichagua strlcpy kama ningeweza kubeba urefu pamoja na maandishi. Kwa msimbo wa miaka ishirini uliojaa strcpy, ambao hakuna mwenye bajeti ya kuuandika upya, ningeiweka leo bila kusita. Ninachokilalamikia ni kwamba glibc ilipoipokea haikuiwekea ile alama inayoifanya kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, imwonye mtu anayepuuza jibu. Ile 12 inayorudi ndiyo sababu pekee ya strlcpy kusoma chanzo chote hadi mwisho, na katika msimbo mwingi nilioupitia hakuna mstari unaoitazama.