Acheni Pua ya Gari Ijikunje

Ukipita gereji za Nakuru siku hizi hukosi Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer iliyovuliwa viti, milango imeegemezwa ukutani, na kijana amechutama ndani na mashine ya kuchomelea. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na magari yakaanza kutimua vumbi Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, kaunti yetu imeshikwa na homa. Sina neno na homa hiyo. Neno langu ni juu ya agizo ambalo wenye magari wengi humpa fundi: "Chomelea kila mahali, boss. Nataka liwe kifaru."

Mimi napinga. Gari la rali linatakiwa kuwa gumu mno mahali fulani na laini kwa makusudi mahali pengine. Anayeligandisha lote kuanzia bampa ya mbele hadi buti anawaandalia dereva na msoma noti wake ajali mbaya zaidi ya ile ambayo gari hilohilo, lilivyotoka kiwandani, lingewapa.

Naelewa hamu hiyo inatoka wapi. Bodi ya gari la kawaida ni bati jembamba, sehemu nyingi halifiki hata milimita 1, na vipande vyake vimeshikanishwa kwa nukta za weldi zilizopishana. Kwa mwalimu anayekwenda kazini Njoro na kurudi, nukta hizo zinatosha miaka na mikaka. Likitupwa kwenye mawe na makorongo ya huku kwetu kwa mwendo wa mashindano, bodi huanza kucheza kama kitanda cha mbao kilicholegea viungo. Utaliona ukilipandisha jeki upande mmoja: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unagoma. Rangi inapasuka kwenye pembe za kioo cha mbele. Unapima magurudumu leo, kesho usukani umevuta upande tena, na unamlaumu fundi wa alaimenti bure.

Kwa hiyo kukaza bodi ni lazima, hilo halina ubishi. Tunabishana kuhusu wapi.

Pa kuanzia ni pale sasipensheni inapoishika bodi, kwa sababu ndipo barabara za Kenya zinapolipiga gari. Mwaka huo wa 2021 dereva Thierry Neuville alikuwa anaongoza Safari hadi Jumapili asubuhi, gari lake la kiwanda likaharibika sasipensheni ya nyuma, Sébastien Ogier akapita na ushindi. Kama mambo hayo yanawapata watu wenye wahandisi lori zima, fikiria Impreza ya mwaka 1998 iliyoshushwa Mombasa ikiwa mtumba. Fungua boneti, futa vumbi pale juu shokabzoba inapofungwa, uangalie kwa tochi. Ufa huanza kama unywele, mara nyingi ukitokea kwenye nukta ya weldi na kuzunguka kikombe cha bati. Hapo ndipo pa kuongeza bati la pili, lililokatwa kufuata umbo la lile la asili na kulilalia bila nafasi kati yake. Kanuni za FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, kwa magari ya kundi N, yaani ya kiwandani yaliyorekebishwa kidogo, zimekuwa zikiruhusu jambo hilohilo: bati la nyongeza lifuate umbo la asili na liguse.

Baada ya hapo, shughulikia pale fremu ndogo inayobeba injini na mikono ya magurudumu inapofungwa kwenye bodi. Kisha vizingiti vya milango, nguzo ya kioo cha mbele na nguzo ya kati, mahali zinapokutana na sakafu na paa. Maana yake ni kwamba unajenga chumba cha watu wawili kisichokunjika, na unakiunganisha na sehemu nne ambazo magurudumu yanasukuma.

Kuchomelea kwenyewe kuna adabu yake. Unachoma kipande cha sentimita 2 au 3, unaruka nafasi kama hiyo au zaidi, unachoma tena, halafu unahamia upande wa pili wa gari ili bati lipoe. Mshono ukichomwa mfululizo, joto linapinda bodi, na ukingo wa weldi unakuwa njia ya ufa kutembea. Rodi ya umeme ya kuchomelea mageti sahau, itatoboa. Tumia MIG, mashine inayolisha waya yenyewe, yenye gesi na waya mwembamba. Kabla ya yote, kwangua lami na siilanti yote mpaka chuma king'ae, ng'oa nyaya na mabomba ya petroli, toa tangi. Lami ya chini ya sakafu inashika moto kwa upande usiouona, wewe uko juu unasifu mshono wako.

Magari mapya yana jambo jingine. Nguzo za kati za mengi ni chuma kigumu sana kilichofinyangwa kikiwa moto na kupozwa ghafla, na ukikipasha tena kwa weldi kinalainika palepale ulipogusa. Unadhani umekaza, kumbe umechora mstari wa kuvunjikia. Kwa gari la aina hiyo soma kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji kabla ya kuwasha mashine, au chagua gari kuukuu.

Sasa pua. Mpaka wangu ni pale juu shokabzoba za mbele zinapofungwa. Keji, ile fremu ya mabomba inayowalinda waliomo ndani, ifike hapo, bati la nyongeza lifike hapo. Kutoka hapo kwenda mbele, ile mihimili miwili inayoelekea kwenye bampa, mkono usiguse. Ina mikunjo na vijitundu ambavyo fundi asiyejua huviona kama udhaifu wa kuzibwa, lakini viliwekwa ili bati lijikunje kwa mpangilio. Wazo hilo ni la zamani. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliliwekea hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 likaingia kwenye gari la kuuzwa madukani: chumba kigumu katikati, ncha laini mbele na nyuma.

Hesabu yake ni ya kidato. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, linagonga mti. Pua ikijikunja nusu mita kabla ya chumba kusimama, waliomo wanabanwa kwa wastani wa mara 28 ya uzito wao. Mtu wa kilo 75 anakuwa mzigo wa tani 2 na ushei kwenye mkanda. Kaza mihimili ile ikubali sentimita 20 tu, na mtu huyohuyo anazidi tani 5. Gari litatoka pale limependeza, pengine hata taa moja nzima, na watu watasema "hili gari ni chuma." Mbavu na shingo ndizo zitakuwa zimelipa. Na hapo sijahesabu kwamba bati lote uliloongeza ni uzito, na uzito nao unataka kusimamishwa.

Buti vivyo hivyo. Acha nyuma ijikunje, ila linda tangi la mafuta na lisogeze ndani kadiri kanuni zinavyokubali.

Pembeni hali ni tofauti. Kati ya mlango na nyonga ya dereva hamna nafasi ya kujikunja, kiganja na nusu tu. Huko kaza bila huruma: mabomba mawili ya mlangoni yaliyokatana, kizingiti kilichoimarishwa, na kiti kilichosogezwa kuelekea katikati ya gari. Magari ya juu ya dunia hujazwa povu zito la kunyonya nguvu kati ya mlango na kiti. Sisi bajeti hiyo hatuna, lakini kusogeza kiti sentimita chache hakuna bei.

Kisha kuna keji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona madhambi. Keji ya bomba la maji. Ndiyo, lile la mabati la duka la hadwea, limechomelewa, likapigwa rangi nyeusi, likawekwa stika. Bomba hilo lina mshono wa urefu mzima, na hakuna anayekuhakikishia chuma chake kina nguvu gani. Zinki iliyolipaka inachafua weldi na moshi wake unamwangusha fundi kwa homa usiku huohuo. FIA inataka bomba lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye kustahimili mvuto wa angalau megapaskali 350 kabla ya kukatika. Upinde mkuu nyuma ya viti uwe wa kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine nyingi, 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba lipindwe baridi kwa mashine, na nusu-kipenyo cha kona yake kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Ule ufundi wa kujaza mchanga, kuwasha moto na kuvuta watu watatu uacheni kwa vitanda na mageti.

Hata bomba zuri halina maana miguu yake ikiwa mibaya. Nimeinua kapeti nikakuta keji imesimama juu ya sakafu tupu, bati la upana wa sarafu chini yake. Gari likibingirika, bomba linatoboa sakafu na paa linashuka kana kwamba keji haikuwepo. Chini ya mguu wa upinde mkuu au wa mbele kunatakiwa bamba la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120 au zaidi, limechomelewa kwenye bodi, ikiwezekana likipanda kwenye kizingiti ili lishike pande mbili. Kama ni keji ya kufunga kwa bolti, basi bolti za M8 (unene wa milimita 8) za daraja la ugumu 8.8, zisizopungua tatu kila mguu wa aina hiyo. Ukitaka kujua fundi anajali au anauza sura, acha kutazama yale mabomba ya juu yanayoonekana kwenye picha, piga magoti uangalie miguu.

Kuna jambo litakalonifanya nitukanwe. Keji haifai ndani ya gari la barabarani. Najua inapendeza. Najua kuna Impreza za mjini zinazokwenda Naivasha kila Safari na keji nyekundu ndani, mwenyewe amevaa kofia ya kawaida, mkanda wa kiwandani, na dada yake amekaa nyuma ambako bomba linapita karibu na paji la uso wake. Keji imekusudiwa mtu aliyevaa helmeti, aliyefungwa mkanda wa pointi sita kwenye kiti kinachomkumbatia, na bado FIA inataka bomba lifunikwe povu gumu popote helmeti inapoweza kufika. Bila helmeti, kwenye ajali ndogo tu ya mzunguko wa mjini, kichwa kinakutana na chuma. Gari la kawaida lisilo na keji lingekuacha na shingo inayouma.

Sahani hiyohiyo nawapa wapenzi wa ngao za mabomba mbele ya pikapu. Magari ya Safari ya zamani yalikuwa nazo, kwa sababu mashindano yalipita barabara za umma na ng'ombe au pundamilia alikuwa sehemu ya ratiba. Ukiifunga moja kwa moja kwenye mihimili ya mbele, umeziba njia ya kujikunja uliyouziwa na gari, na mtembea kwa miguu umemwekea chuma mahali palipokuwa na plastiki.

Wazee wataniambia Joginder Singh alishinda Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, bila hesabu zangu hizi. Alishinda kwa mikono yake na kwa gari lililoandaliwa kudumu maelfu ya kilomita. Wenzake wengi hawakufika mwisho, na kipimo cha siku hizo kilikuwa gari kufika. Tangu 2022 magari ya daraja la juu, Rally1, yanaruhusiwa kujengwa juu ya fremu ya mabomba badala ya bodi ya kiwandani, kusudi chumba cha watu kiwe kigumu zaidi na nafasi ya pembeni iongezeke. Huko pesa inafuata watu waliomo.

Wakaguzi wetu wa mashindano ya nyumbani hufanya kazi ngumu, na asubuhi ya ukaguzi si saa ya kugundua weldi mbovu iliyofichwa chini ya rangi. Ningependa mwenye gari aje na picha za bodi ikiwa tupu, kabla ya rangi na kapeti: miguu ya keji, vikombe vya shokabzoba, vizingiti. Simu kila mtu anayo, na picha hizo hazigharimu kitu. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuzipiga.

Na kama unanunua gari la rali lililotumika, usihangaike kwanza na injini. Lipandishe jeki upande mmoja ufungue na kufunga milango. Inua kapeti. Angalia mihimili ya mbele kama ina weldi ya mfululizo au bati lililobandikwa juu yake. Ikiwa nayo, omba bei ipunguzwe kwa gharama ya mihimili mipya, na ukikataliwa waachie gari lao.