Lava haipandi Mont Goma

Mantiki rasmi ya utendaji, ile inayoandika kwa alama nani amefanya nini, ina tabia moja inayonikera: huanza na mtu mzima. Wanamantiki Nuel Belnap na Michael Perloff walipoandika mfumo wao mwaka 1988, waliujenga juu ya uchaguzi. Wakati ujao una matawi. Mtendaji akichagua, baadhi yanafungika. Jambo ni lake ikiwa linatokea katika kila tawi aliloacha wazi, na ikiwa pia lingeweza kutotokea. Sharti hilo la mwisho nalipenda sana. Bila hilo, jua likichomoza kesho ningedai ni kazi yangu.

Lakini humo hamna lengo. Na mtoto huanza na lengo.

Mwaka 1995 wanasaikolojia György Gergely, Gergely Csibra na wenzao waliwaonyesha watoto wa miezi 12 duara dogo likiruka kizuizi ili kulifikia duara kubwa. Kisha kizuizi kikaondolewa. Duara lilipoendelea kuruka bure, watoto walilikodolea macho muda mrefu kuliko lilipokwenda moja kwa moja. Duara halina uso wala mikono, lakini mtoto alishalipa nia, na mwenye nia hutarajiwa kupita njia isiyo na hasara.

Sasa ilete kanuni hiyo Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipasua mji ikaingia Ziwa Kivu. Penye kizuizi ilizunguka, palipo wazi ilinyooka. Kwa hesabu ya mtoto, lava ilitaka ziwa! Ndiyo maana siwacheki wazee wanaosema mlima umekasirika. Wanatumia kanuni ileile inayomwezesha mtoto kumwelewa mama yake anapotafuta kikombe nyuma ya sufuria.

Kilichobaki ni jaribio moja. Mtu anayetaka ziwa akikingwa na Mont Goma, kilima kilichomo mjini, ataipanda kwa jasho, au atapanda pikipiki, au atasema kesho. Lava haipandi. Inafuata mteremko tu, na mteremko ukigeuka, ule uliodhaniwa kuwa nia yake unageuka nao. Kwa hiyo anayetaka kuandika mantiki ya fahamu za awali aanze na lengo na gharama ya njia. Uchaguzi uje baadaye.

Unapokuja, maswali yanabadilika. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937, alieleza kwamba Waazande, watu wa Afrika ya Kati, wanajua fika ghala limeanguka kwa sababu ya mchwa. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa hii, juu ya watu hawa. Hapo anatafutwa mtendaji, na Belnap angejisikia nyumbani. Mei 2021, lava ilipofika Buhene, pembezoni mwa Goma, sisi pia mlima tuliuweka kando tukauliza: nani alipaswa kututahadharisha, akanyamaza?

Kunyamaza huko ndiko kunakonivutia zaidi. Katika jaribio la 1995 hakuna duara linalokaa tu huku mwenzake akihitaji msaada. Lingekuwepo, mtoto wa mwaka mmoja angeona kitu? Nadhani asingeona, na mantiki inayodai kumwakilisha yeye inapaswa kushindwa palepale anaposhindwa. Ikifaulu kulilaumu duara lililokaa, tujue mtu mzima ameshaingia kwenye alama zake.